Pumzi ya mwimbaji: mwongozo kamili wa kuyajua mapafu na kiwambo, kisha kuvitumia

Mwalimu wa kwaya akisema "imba kwa tumbo", nusu ya waimbaji hukaza tumbo na nusu nyingine hulitoa nje. Wote wametii, ila hakuna aliyeambiwa ndani kuna nini. Tumboni hakuna hewa ya kuimbia. Kuna ini, utumbo, bandama na ugali wa mchana. Hewa yote iko kifuani, ndani ya mapafu mawili ambayo yenyewe hayana msuli wa kujitanua. Anayeyatanua ni kiwambo, msuli mpana uliotenga kifua na tumbo, ambao vitabu vingine huuita diaframu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kwa sauti yake: mwimbaji wa kwaya au wa taarabu, msomaji wa Kurani, mhubiri, mwalimu mwenye darasa la watoto 80, kondakta wa daladala. Asiyeimba naye atafaidika, hasa anayetweta akipanda ngazi. Tutaanza kwa kuupapasa mwili wenyewe, maana mazoezi ya pumzi bila kujua viungo vilipo huishia kwenye kuinua mabega tu.

Andaa mkeka, kitabu kizito kiasi (kamusi yafaa), futi ya fundi cherehani, saa yenye sekunde, na nusu saa ambayo hakuna atakayekuita. Legeza mkanda wa suruali au kanga iliyobana. Usianze mara baada ya kula: tumbo likiwa limejaa, kiwambo hakipati pa kushukia.

Hatua ya 1: Papasa mipaka ya mapafu

Weka vidole kwenye bonde dogo lililo juu ya mtulinga. Hapo chini ya vidole vyako kuna pafu. Ncha yake ya juu huuzidi mtulinga kwa sentimita 2 au 3, na ndiyo maana daktari anayesikiliza kifua kwa makini huanzia pale juu.

Sasa anza kwenye kishimo cha koo, teremka taratibu juu ya mfupa wa kidari. Baada ya sentimita 5 hivi utakutana na kituta kinachoukatisha mfupa huo. Usawa wa kituta hicho, kwa ndani, ndipo bomba la hewa linapogawanyika kwenda kulia na kushoto. Endelea hadi mfupa uishe. Hapo ni kwenye chembe ya moyo, na ndipo kiwambo kilipojishikiza kwa upande wa mbele.

Watu wengi wakiambiwa waonyeshe mapafu hushika kifua, mbele. Kwa kweli mapafu yamejaa zaidi mgongoni. Mbele, mtu akipumua kwa utulivu, ukingo wa chini wa pafu huishia karibu na ubavu wa 6. Ubavuni hufika wa 8. Nyuma hushuka hadi wa 10. Mwombe mwenzako akushike ncha ya chini ya kombe la bega, kisha ahesabu mbavu tatu kwenda chini. Hadi hapo kuna pafu. Mwimbaji anayejua hili huacha kutunisha kifua mbele na kuanza kuipa nafasi sehemu ya nyuma, ambayo ndiyo yenye akiba kubwa.

Mapafu hayalingani. La kulia lina sehemu 3, la kushoto lina 2 kwa sababu moyo umejichukulia nafasi upande huo. La kulia ni fupi kidogo, kwani ini limelisukuma kutoka chini, lakini ni pana zaidi na kwa jumla ndilo kubwa.

Hatua ya 2: Fuata njia ya hewa

Pua hupasha hewa joto, huilowesha na huichuja vumbi. Kwa hiyo ukiwa na nafasi, vuta kwa pua. Katikati ya wimbo hutakuwa na nafasi hiyo. Vuta kwa mdomo bila kujilaumu.

Nyuma ya ulimi chakula na hewa hupita njia moja, kisha huachana. Kidakatonge huinama na kuziba mlango wa hewa kila unapomeza. Ukicheka huku unatafuna, mlango huo hufunguka wakati usiofaa, na hapo ndipo mtu hupaliwa. Chini yake kuna zoloto, lenye nyuzi za sauti. Liguse, fumba mdomo na uimbe "mmm": utahisi mtetemo.

Shuka chini ya zoloto kwa kidole. Vijipete unavyovisikia ni gegedu za bomba la hewa, kati ya 16 na 20. Hazijafunga duara, nyuma zimeachwa wazi, na hapo ndipo umio umeegemea. Bomba lenyewe lina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Tawi lake la kulia ni pana, fupi na limenyooka kuliko la kushoto, na ndiyo sababu punje ya karanga aliyopaliwa mtoto mara nyingi hukutwa upande wa kulia.

Kutoka hapo njia hugawanyika tena na tena, mara 23 hivi, hadi kwenye vifuko vya hewa. Vifuko hivi ni zaidi ya milioni 300 kwa mtu mzima, na vikitandazwa vyote eneo lake hufika mita za mraba 70 hivi. Ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni hupenya kuingia kwenye damu na kabonidaioksaidi hupenya kutoka.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulijua kinyume. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21. Unayotoa bado ina kama 16. Hujaimaliza. Ile hamu kali ya kupumua inayokushika mwishoni mwa mstari mrefu haiji hasa kwa kupungukiwa oksijeni, huja kwa kabonidaioksaidi iliyopanda kwenye damu, nao ubongo hupiga kelele. Mwimbaji anaweza kuishiwa raha ya pumzi huku mapafu yana hewa tele.

Hatua ya 3: Yaone kwa macho (anayekinai aruke)

Hakuna mchoro unaoshinda mapupu ya mbuzi. Nenda kwa muuza nyama asubuhi, omba mapupu yakiwa bado na bomba lake. Mwambie akupe yasiyochanjwa sana, maana mkaguzi wa nyama huyapasua kutafuta minyoo na vifuko vya maji, na yaliyochanjwa huvuja.

Tupia kipande kwenye ndoo ya maji. Kitaelea. Hewa imebaki ndani hata baada ya mnyama kufa, na kwetu ni vivyo hivyo: hata ukitoa pumzi hadi mwisho kabisa, lita 1 na kidogo hubaki. Mapafu hayawi matupu kamwe, kwa hiyo usijikamue ukidhani unayasafisha.

Kisha ingiza mpira wa pampu ya baiskeli kwenye bomba la hewa, lishike kwa nguvu pembeni, na upige pampu polepole. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mnyama ana magonjwa yake. Mapupu yatavimba na rangi yake itafifia kuwa ya waridi. Achia. Yatasinyaa yenyewe, bila mtu kuyaminya. Tazama hapo mara mbili tatu, maana huko kusinyaa ndiko kutoa pumzi. Unapokaa kimya ukisoma haya, huhitaji msuli wowote kutoa hewa. Mapafu yanarudi tu mahali pake.

Kabla hujaondoka mwombe muuza nyama akuonyeshe kiwambo, kile kipande chembamba kilichoambaa mbavu, chekundu pembeni na cheupe katikati. Nawa mikono kwa sabuni. Mapupu yaliyobaki mezani kwako unajua pa kuyapeleka.

Hatua ya 4: Kihisi kiwambo chako

Kiwambo kimepanda juu kwa umbo la kuba mbili, ya kulia ikiwa juu zaidi kwa ajili ya ini. Kando zake zimeshikamana na ncha ya kidari, mbavu 6 za chini, na pingili za kiuno kwa nyuma. Katikati si nyama, ni kano ngumu nyeupe. Kina matundu makubwa matatu: moja la mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, moja la umio, na moja la mshipa mkuu unaoshusha damu. Neva zake hutoka mbali, kwenye pingili za 3, 4 na 5 za shingo. Kwa hiyo mtu aliyevunjika shingo sehemu ya juu hushindwa kupumua, ilhali aliyevunjika mgongo kiunoni hupumua. Pia ndiyo maana tatizo lililo chini ya kiwambo, tuseme kwenye nyongo, linaweza kuuma begani.

Kikijikaza, kuba hubapa na kushuka. Nafasi ya kifua huongezeka, msukumo wa hewa ndani hupungua, na hewa ya nje huingia kujaza, kama bomba la sindano linavyovuta dawa ukirudisha mpini nyuma. Huvuti hewa, unaipa nafasi nayo inaingia. Katika pumzi ya kawaida kiwambo hushuka sentimita 1 hadi 2. Katika pumzi nzito kinaweza kufika 10.

Fanya hivi. Kaa, weka ncha za vidole chini kidogo ya chembe ya moyo, bonyeza kwa upole. Nusa kwa ghafla, mara moja, kama aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua jikoni. Vidole vimesukumwa nje. Hujakigusa kiwambo chenyewe, hakigusiki. Umesikia tumbo likisukumwa nacho. Nusa tena mara kadhaa hadi uweze kuusubiri msukumo huo kabla haujaja.

Umewahi pia kukisikia bila kupenda, kwenye kwikwi. Kiwambo hujikaza chenyewe kwa ghafla, kisha mlango wa sauti hujifunga, na ndio huo mlio.

Hatua ya 5: Jipime

Zungusha futi ya fundi kifuani usawa wa chembe ya moyo. Toa pumzi yote, soma. Vuta yote, soma. Tofauti ya sentimita 5 hivi ni nzuri kwa mtu mzima mwenye afya. Ikiwa chini ya 3, mara nyingi ni mbavu ambazo hazijazoea kufunguka, nazo hujifunza ndani ya wiki chache.

Halafu hesabu pumzi zako kwa dakika nzima ukiwa umetulia. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Kila pumzi ya kawaida hubeba nusu lita, na katika hiyo, mililita 150 hivi haziendi kokote: hubaki kwenye bomba na matawi yake, kisha hutoka. Hapo utaona kwa nini pumzi fupifupi za haraka huchosha. Sehemu kubwa ya kila moja inaishia njiani.

Usijilinganishe na jirani yako wa safu ya besi. Mwaka 1846 daktari Mwingereza John Hutchinson alichapisha vipimo vya pumzi za watu zaidi ya 2,000, na kilichojitokeza ni kwamba kiasi cha hewa mtu anachoweza kutoa huenda na urefu wake. Mrefu ana mapafu makubwa. Hilo halibadiliki kwa mazoezi ya mtu mzima. Kinachobadilika ni namna ya kuitumia hewa uliyo nayo, na huko ndiko mwimbaji mfupi humshinda mrefu.

Hatua ya 6: Mkekani

Lala chali, magoti juu, nyayo chini. Weka kamusi juu ya kitovu. Pumua kwa pua bila kulazimisha. Kitabu kipande hewa ikiingia, kishuke ikitoka. Kikifanya kinyume, unavuta tumbo ndani wakati wa kuvuta pumzi, kosa la kawaida kwa watu waliofundishwa kusimama "kijeshi". Dakika 5 zinatosha.

Geuka ulale kifudifudi, paji la uso juu ya mikono. Sasa tumbo limezuiwa na sakafu, hivyo hewa italazimika kufungua kiuno na mbavu za nyuma. Hili ni zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu haliruhusu udanganyifu.

Kaa. Mikono kwenye mbavu za chini, gumba nyuma. Vuta, sukuma mikono pembeni. Mabega yasipande. Mabega yakipanda, misuli ya shingo ndiyo inayofanya kazi, na misuli hiyo iko jirani na zoloto. Inapokaza, sauti inabana. Mwisho fanya umesimama.

Hatua ya 7: Kutoa, ambako ndiko kuimba

Walimu wengi hutumia muda wote kwenye kuvuta. Mimi naona ni kupoteza saa. Hewa huingia ndani ya sekunde moja. Inatoka kwa sekunde 10 au 15 za wimbo. Kazi iko huko.

Kumbuka mapupu yaliyosinyaa yenyewe. Ukiwa umejaza hewa, mapafu yako yanataka kusinyaa hivyo hivyo, kwa nguvu. Ukiachia, nusu ya hewa huondoka kwenye neno la kwanza na mwisho wa mstari unaishia kukamua. Kwa hiyo mwanzo wa mstari kazi yako si kusukuma, ni kuzuia: mbavu zibaki zimefunguka, zirudi polepole. Hewa ikifika kiwango cha kawaida, nguvu ya kusinyaa inaisha, ndipo misuli ya tumbo inapoanza kusukuma, kidogo kidogo, ikiongezeka kuelekea mwisho. Anayekaza tumbo tangu mwanzo anaongeza msukumo pale ambapo tayari umezidi.

Zoezi: vuta kwa hesabu ya 4, kisha toa kwa "sss" nyembamba isiyotetereka. Mikono iko mbavuni. Jitahidi mbavu zikae wazi hadi nusu ya safari. Pima sekunde. Wengi wenye afya hufika 15 hadi 25. Lakini sekunde si tuzo. "Sss" ya 14 iliyonyooka ni bora kuliko ya 25 yenye mawimbi.

Rudia kwa "zzz". Hapa nyuzi za sauti zinafanya kazi. Muda uwe karibu sawa na wa "sss". Ikiwa "zzz" ni fupi sana, hewa inavuja kati ya nyuzi, na tatizo si mapafu. Ukiwa pia na sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Baada ya hapo chukua mstari mmoja wa wimbo unaoujua, uimbe wote kwa "zzz", kisha kwa maneno. Usiongeze mstari wa pili hadi wa kwanza utulie.

Hatua ya 8: Pumzi ya haraka

Kati ya mistari usivute. Achia tumbo ghafla na ufungue mdomo. Kiwambo kitashuka, hewa itaingia bila kelele. Ukisikia "hhha" kwenye kipaza sauti, koo limebana. Kwa sauti ndefu za kwaya, kubalianeni nani apumue wapi, kila mmoja akiingia tena kwa sauti ya chini, na msikilizaji hatasikia pengo.

Mwimbaji mjamzito asishangae mistari ikimfupikia. Miezi ya mwisho kiwambo husukumwa juu kwa sentimita 4 hivi, na mbavu hupanuka kufidia. Aongeze vituo vya kupumua, asijilazimishe.

Unapohisi vibaya

Kizunguzungu, ganzi midomoni na vidole kuwasha wakati wa mazoezi maana yake unapumua kupita kiasi, kabonidaioksaidi imeshuka mno. Acha, kaa, pumua kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo kijana wa pwani asihemehe haraka haraka kabla ya kupiga mbizi: ile hamu ya kupumua huchelewa, oksijeni inaisha kwanza, na mtu hupoteza fahamu majini bila onyo.

Mwenye pumu asiache dawa yake kwa ajili ya mazoezi haya. Akibanwa, hatua ya kwanza ni dawa yake ya kuvuta; huku akiisubiri ifanye kazi, akae ameegemea mbele, mikono mapajani, atoe hewa kwa midomo iliyobanwa kidogo, muda wa kutoa ukizidi wa kuvuta mara mbili. Isipotulia, hospitali.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, makohozi yenye damu, jasho la usiku au kukonda: kapime kifua kikuu, na usikae safu ya mbele ya kwaya ukisubiri. Na kwa kuwa sasa unajua kuhesabu pumzi, hesabu pia za watoto nyumbani wanapougua kikohozi, wakiwa wametulia, kwa dakika nzima. Mara 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi hadi afikishe mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kinachobonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta: mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwaya inaposafiri

Waimbaji wa Mombasa au Tanga wakipanda Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hulalamika kwamba pumzi imekuwa fupi. Mapafu hayajapungua. Oksijeni ni asilimia 21 kama pwani, ila msukumo wa hewa yote umeshuka kwa karibu asilimia 18, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Fikeni siku moja au mbili kabla ikiwezekana. Fanyeni mazoezi mepesi siku ya kwanza, mnywe maji, na mwalimu aongeze kituo kimoja cha kupumua kwenye kila mstari mrefu kabla ya kupanda jukwaani.